Mbinu ya Barua na Maudhui ya Majonzi katika A Letter to the Luminous Deep

Riwaya barua ni riwaya inayosimuliwa kupitia barua za wahusika. Katika Barua Ndefu kama Hii ya Mariama Bâ, mjane Ramatoulaye anamwandikia rafikiye Aissatou. Sauti tunayoisikia ni moja. Sylvie Cathrall, katika riwaya yake ya kifantasia A Letter to the Luminous Deep (2024), anatumia sauti kadhaa na nyakati mbili. Usipozitenganisha nyakati hizi, utapotea.

Muundo
Ulimwengu wa riwaya hii umefunikwa na bahari karibu wote. Katika wakati wa kwanza, E. Cidnosin, anayeishi katika nyumba iliyojengwa chini ya maji, anaona kiumbe cha ajabu na kumwandikia msomi Henerey Clel. Urafiki unazaliwa, kisha mapenzi. Baadaye tetemeko linaiharibu nyumba hiyo na wawili hao wanatoweka. Katika wakati wa pili, mwaka mmoja baada ya mkasa huo, Sophy, dadake E., na Vyerin, kakake Henerey, wanatumiana barua na karatasi nyingine zilizoachwa na wapendwa wao.

Majonzi
E. anasumbuliwa na wasiwasi mwingi, na Henerey ni mwenye haya. Kwao kuandika ni rahisi kuliko kuonana ana kwa ana, ndiposa barua zao zina mzaha na uchangamfu. Hata hivyo, msomaji tayari anajua kwamba watatoweka. Hiki ni kinaya: kadiri barua inavyochangamka, ndivyo inavyomchoma msomaji. Mwandishi hahitaji kueleza vilio ili tuhisi uchungu.

Urafiki
Sophy na Vyerin wanaletwa pamoja na msiba. Hakuna maiti ya kuzika wala kaburi la kuzuru. Hakuna pia aliye na kisa kizima. Kila mmoja anahitaji karatasi za mwenzake. Kuzisoma pamoja kunakuwa ndiyo matanga yao. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Hapa wafiwa wanaoandikiana ni wawili tu, lakini mzigo uliogawanywa unaanza kubebeka.

Tanbihi kwa mtahiniwa
Usiandike tu kwamba "barua zinaonyesha huzuni." Taja nani anamwandikia nani, katika wakati upi, na msomaji anajua nini ambacho mwandishi wa barua hajui. Pia usikate kauli kwamba E. na Henerey wamekufa. Kutoweka kwao ndiko kunakozua taharuki, na kisa kinaendelea katika A Letter from the Lonesome Shore (2025).

Swali la marudio
Jadili jinsi mbinu ya barua inavyoendeleza maudhui ya majonzi na urafiki katika riwaya hii. (alama 20)