Rangi Ifichuayo Floridi Majini

Maji maangavu si lazima yawe salama. Katika baadhi ya visima na chemchemi za miteremko ya Kilimanjaro na tambarare za Moshi, floridi huyeyuka kutoka miamba ya volkano. Jicho haliioni, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, huweza kutia meno madoa. Ikizidi sana, hupinda mifupa.

Itagunduliwaje? Chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 13 zikitawanyika majini huwa nyekundu. Zikishikamana, huwa buluu. Zikivikwa molekuli ziitambuazo floridi, rangi hutoa ushahidi. Lakini chumvi ya kawaida nayo huzishikamanisha. Kwa hiyo elektrodi ya floridi ithibitishe kwanza, ndipo kijiji kiambiwe kinywe.