Saratani ya mapafu huwahadaa askari wa mwili

Umewahi kuchomwa na mwiba kidoleni, msomaji? Muda si muda mahali hapo huwa pekundu, hupata joto na kuvimba. Hiyo ni kazi ya chembechembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Mwiba ukitoka, nao hurudi kambini.

Sasa fikiria mapafu ya mvutaji sigara. Mwiba wake hautoki. Moshi huingia, askari huitwa, mapafu huvimba, na kabla hayajapona moshi mwingine umefika. Miaka ikipita, sumu ambazo askari hutoa ili kuua viini huanza kudhuru seli za mapafu yenyewe. Nazo kemikali za kuponya kidonda huisaidia seli iliyoharibika kuzaana.

Donge la saratani likishaota huwageuza askari hao. Wale wa kumeza takataka hulijengea mishipa ya damu! Wauaji hodari, wanaoitwa seli za T, wana breki inayowazuia wasiushambulie mwili wenyewe. Saratani huikanyaga breki hiyo, na askari hufika mlangoni akasimama.

Breki hiyo, PD-1, iligunduliwa Japani mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo. Yeye na Mmarekani James Allison, aliyechunguza breki nyingine, walitunukiwa Nobel mwaka 2018. Siku hizi zipo dawa za kuiachilia. Baadhi ya wagonjwa huishi miaka mingi kwa ajili yake, ingawa wengine haziwafai, na pengine askari waliofunguliwa huvamia utumbo au mapafu mazima. Bei yake nayo si ya mfuko wa kila mtu.

Uvimbe huo hauishii kifuani. Kemikali zake husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo, hamu ya chakula ikapotea, na misuli ikaisha. Kwa hivyo mgonjwa akisukuma bakuli la uji kando, usimgombeze. Si ukaidi.

Kikohozi na kukonda, hapa kwetu, hudhaniwa mara moja kuwa kifua kikuu. Ni vyema kupimwa ugonjwa huo kwanza. Lakini ikiwa haukupatikana, au umemeza dawa na kikohozi hakikomi, rudi kwa daktari umuulize kuhusu picha ya kifua, hata kama hujawahi kuvuta sigara. Ukitema damu, nenda leo.