"Kujisikia Vibaya" ni Kuumwa au Kuhuzunika? Lugha ya Dalili za Afya ya Akili na Ubora wa Maisha kwa Wenye Maradhi Sugu

Ikisiri

Hojaji nyingi zinazotumika kupima sonona na ubora wa maisha miongoni mwa watu wenye kisukari, virusi vya UKIMWI na maradhi mengine sugu zilitungwa kwanza kwa Kiingereza. Makala haya yanafafanua namna tafsiri ya Kiswahili inavyoweza kuchanganya malalamiko ya mwili na malalamiko ya nafsi, hususan katika nchi ambako Kiswahili hukutana na lugha nyingine ya nyumbani kama vile Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Hoja kuu ni kwamba maneno ya hojaji yanapaswa kuanzia kwenye malalamiko ya mgonjwa, si kwenye istilahi.

1.0 Utangulizi

Mtu aliyegunduliwa kuwa na kisukari, shinikizo la juu la damu au virusi vya UKIMWI (VVU) hupewa, pamoja na dawa zake, kazi isiyo na likizo. Atameza vidonge au kujidunga insulini, atahudhuria kliniki kwa tarehe aliyoandikiwa, atachunga anachokula, na atayafanya haya yote kwa mwili uleule unaotarajiwa kulima, kuuza sokoni na kulea watoto. Si ajabu basi kwamba sonona na wasiwasi huonekana zaidi kwa watu hawa kuliko kwa wasio na maradhi hayo. Uhusiano wenyewe huenda pande mbili: maradhi huchochea sonona, na sonona nayo hudhoofisha nia ya kujitunza. Nakimuli-Mpungu na wenzake (2012), waliochambua kwa pamoja tafiti za Afrika Kusini mwa Sahara, walionesha kwamba watu wenye VVU walio na dalili za sonona wana uwezekano mdogo wa kufuata dawa ipasavyo.

Kwa hiyo suala la kuitambua sonona kliniki si la anasa. Lakini sukari hupimwa kwa tone la damu, ilhali huzuni hupimwa kwa maneno. Muuguzi husoma swali, mgonjwa hujibu, na namba huandikwa. Iwapo swali limesikika tofauti na lilivyokusudiwa, namba hiyo haina thamani hata kama imeingizwa kwenye kompyuta kwa uangalifu mkubwa.

2.0 Maswali tisa katika mwili unaoumwa

Hojaji inayotumika zaidi ni PHQ-9, iliyoelezwa na Kroenke, Spitzer na Williams mwaka 2001. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla huwa kati ya 0 na 27, na aghalabu anayefikisha 10 huhesabiwa kuwa anahitaji uchunguzi zaidi. Maswali yanahusu kukosa hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona hufai, kutoweza kumakinika, kupungua kasi au kutotulia, na fikra za kufa.

Tumchukue mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijadhibitiwa. Usiku huamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Swali la usingizi linampa 3. Mchana amechoka kwa sababu sukari iliyo kwenye damu haiingii kwenye seli; alama 3 nyingine. Njaa inamsumbua muda wote, na swali la chakula linahesabu kula kupita kiasi sawasawa na kukosa hamu ya kula, 3 tena. Akiongeza 1 kwa kushindwa kumakinika siku chache, amefikisha 10 bila kutaja huzuni hata mara moja. Anachohitaji kwanza huenda ni kurekebishiwa dawa ya sukari.

Kwa wenye VVU kulikuwa na tatizo jingine. Efavirenzi, dawa iliyotumika kwa miaka mingi katika mseto wa kwanza, inajulikana kwa kuleta ndoto za kutisha na kuvuruga usingizi, na kwa baadhi ya watu kuteremsha hali ya moyo. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2019 dolutegraviri iwe chaguo la kwanza, tatizo lilipungua, ingawa dawa hiyo mpya nayo huwakosesha wengine usingizi.

Wapo wanaoona kuwa suluhisho ni kuyaondoa maswali ya mwili. Zigmond na Snaith walifanya hivyo mwaka 1983 walipotunga hojaji ya maswali 14 kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali. Kwetu, nadhani dawa hiyo inaweza kuzidi ugonjwa. Mswahili mwenye majonzi husema moyo unamuuma, kifua kimembana, mwili hauna nguvu, tumbo linamkata. Ukiyafuta yote yanayotaja mwili, umefuta sehemu kubwa ya lugha anayotumia kuomba msaada. Hojaji hiyohiyo ya 1983, ambayo nia yake ilikuwa kuukwepa mwili, ina swali linaloeleza hofu kwa nahau ya Kiingereza ya vipepeo tumboni. Mfasiri akiwaleta vipepeo hao kama walivyo, mgonjwa atashangaa wameingiaje.

3.0 Neno "vibaya" na wenzake

Nahau za wazi kama hiyo si hatari sana kwa sababu kila mfasiri huziona. Hatari ipo kwenye maneno yanayoonekana rahisi. Swali la sita la PHQ-9 linauliza kama mtu amejiona hana thamani, ameshindwa, au amewaangusha watu wake. Anayefuata Kiingereza neno kwa neno ataanza na "kujisikia vibaya". Katika Kiswahili cha kila siku, anayesema "najisikia vibaya" anasema anaumwa. Mgonjwa wa figo akisomewa maneno hayo kliniki atajibu "karibu kila siku", tena kwa ukweli kabisa, na alama 3 zitaingia kwenye safu ya kujidharau.

Majibu yenyewe yana mitego. Daraja la tatu la majibu linahusu zaidi ya nusu ya siku zilizohojiwa. Likisomwa haraka, "zaidi ya nusu ya siku" husikika kama "zaidi ya nusu siku", yaani kuanzia asubuhi hadi baada ya adhuhuri. Kwa kuwa kipindi ni siku 14, ingekuwa wazi zaidi kusema "zaidi ya siku saba". Hali kadhalika maswali ya ukanushi. Muuguzi akifupisha swali la kwanza na kuuliza, "Huna hamu ya kufanya mambo?", mgonjwa atakayejibu "ndiyo" huenda anamaanisha "ndiyo, sina", na atakayejibu "hapana" huenda anamaanisha "hapana, ninayo". Wengine hujibu kinyume chake, hasa waliozoea mtindo wa Kiingereza. Katika foleni ya kliniki hakuna anayerudi nyuma kuthibitisha.

Tusisahau pia adabu ya salamu. Swali lolote linalofanana na "habari za hali?" hupata kwanza jibu "nzuri", kisha ndipo hufuata "ila": nzuri, ila miguu inawaka moto usiku. Mwenye kujaza fomu akiandika baada ya "nzuri", amekosa habari yenyewe.

4.0 Sonona, mawazo, agahinda

Istilahi ya ugonjwa wenyewe haijatulia. Tanzania neno "sonona" limeenea katika maandishi ya afya. Kwingineko utakuta "unyogovu", "mfadhaiko" au "huzuni kubwa", na "mfadhaiko" huohuo hutumika mahali pengine kwa msongo wa mawazo. Kamusi ina hazina kubwa zaidi: simanzi, jakamoyo, kihoro. Hata hivyo mama aliyekaa kliniki hasemi lolote kati ya hayo. Husema "nina mawazo". Goma na Bukavu utasikia "niko na mawazo mingi". Kisarufi ni neno la kawaida lenye maana ya fikra, kimatumizi ni malalamiko kamili, na msikilizaji anayelijua hauliza "mawazo ya nini?" kwa mshangao bali kwa huruma.

Jambo hili si la Waswahili peke yao. Kwa Kishona mtu aliyelemewa husema ana "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi, na dhana hiyo iliingizwa mwaka 2013 katika toleo la tano la mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani. (Msomaji wa Kiswahili asidanganyike na umbo la neno: "kufunga" ya Kishona ni kufikiri.) Huko Zimbabwe, mradi wa Benchi la Urafiki uliobuniwa na Dkt. Dixon Chibanda uliwafunza akina bibi kuketi na wagonjwa nje ya zahanati na kuanzia papo hapo kwenye kufungisisa. Jaribio lake, lililochapishwa mwaka 2016, lilionesha kuwa dalili za waliohudumiwa zilipungua zaidi kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Baadhi ya walioshiriki walikuwa wanaishi na VVU.

Uganda na Rwanda zinatufundisha kuhusu utaratibu. Wilk na Bolton (2002) waliwauliza wakazi wa Rakai na Masaka, wilaya zilizoumizwa mno na UKIMWI, wataje wenyewe madhara ya janga hilo. Katika majibu yalijitokeza majina mawili ya Kiganda: "yo'kwekyawa", hali ya kujichukia, na "okwekubazida", hali ya kujihurumia. Majina hayo ndiyo yaliyotumika baadaye kuwatambua washiriki wa tiba ya vikundi ya wiki 16 iliyojaribiwa katika vijiji 30 na kuleta nafuu kubwa (Bolton na wenzake, 2003). Nchini Rwanda njia ileile ilikuwa imeibua "agahinda", neno la Kinyarwanda la huzuni kuu, na wahudumu wa afya leo husema "agahinda gakabije" wanapotaja sonona.

Hapa wapangaji wa lugha wana la kuamua. Muuguzi wa Kigali au Kampala anayetumia fomu ya Kiswahili kwa mgonjwa aliyevuka mpaka hana faida na neno "sonona" iwapo mgonjwa huyo Kiswahili amekijua kwa biashara au kambini. Atalielewa "mawazo mengi" mara moja. Usanifishaji unaotaka istilahi moja kwa kanda nzima una nafasi yake katika vitabu vya chuo. Katika fomu ya kliniki, maelezo marefu yanayoeleweka ni bora kuliko istilahi fupi isiyoeleweka.

5.0 Ubora wa maisha ni bei ya unga?

Shirika la Afya Duniani hulitazama suala la ubora wa maisha kwa mtazamo wa mtu mwenyewe: anaionaje nafasi yake maishani, katika utamaduni na maadili anamoishi, akilinganisha na malengo na matarajio yake. Hojaji yake fupi, WHOQOL-BREF, ina maswali 26 katika nyanja nne: mwili, nafsi, mahusiano na mazingira.

"Ubora" katika Kiswahili huambatana zaidi na bidhaa. Mfasiri akikimbilia "hali ya maisha", mgonjwa atasikia uchumi na kujibu kuhusu bei ya unga na nauli. Baadhi ya watafiti huliona jibu hilo kuwa ni kosa la kipimo. Si kosa lote. Nyanja ya mazingira inauliza waziwazi kuhusu fedha na usafiri, na kwa mtu anayelipa nauli kila mwezi kufuata dawa, maradhi na nauli ni habari moja. Kosa ni pale jibu la nauli linapohesabiwa katika swali la nafsi. Hojaji nyingine, SF-36, hutaja kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu kama mifano ya kazi za wastani. Hapa mfasiri hana budi kutafuta kazi zenye uzito unaolingana, na kubeba ndoo ya lita 20 kutoka kisimani hakulingani na gofu.

6.0 Mahali tafsiri rejeshi isipofika

Utaratibu uliozoeleka ni kutafsiri, kisha mtu mwingine kurudisha matini kwenye Kiingereza ili zilinganishwe. Njia hii hunasa upotovu wa wazi, lakini "kujisikia vibaya" hurudi kwenye Kiingereza bila doa na kupita mtihani. Tatizo linaonekana tu pale mgonjwa anapoombwa aeleze kwa maneno yake alichoulizwa. Mahojiano ya namna hiyo, hata na watu kumi wa kliniki moja, yangependekeza badala yake: "Umejiona hufai, au umejiona umewaangusha watu wa nyumbani kwako?"

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika kwenye swali la tisa, linalounganisha kwa "au" fikra kwamba ni afadhali kufa na fikra za kujidhuru. Mzee anayemwomba Mungu amchukue kwa sababu ya maumivu hayuko mahali pamoja na kijana anayekusanya vidonge, lakini wote wawili watajibu ndiyo. Zaidi ya hayo, sheria za jinai zilizorithiwa kutoka enzi ya ukoloni Kenya, Uganda na Tanzania zilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na anayeulizwa mbele ya wagonjwa wengine ana kila sababu ya kusema hapana. Swali hili ligawanywe mara mbili, liulizwe faraghani, na lisiulizwe kabisa mahali ambapo hakuna aliyepangwa kukaa na mgonjwa siku hiyohiyo akijibu ndiyo.