Je, Wajua? Grisi Iliyookoa Meli ya Ziwa Tanganyika

MV Liemba, meli ya abiria na mizigo, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya makasha hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915.

Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiitwae, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Chuma hushika kutu kikiguswa na maji pamoja na hewa; grisi huvizuia vyote viwili. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa. Mwaka 1927 meli ilirudi kazini ikiitwa Liemba.

Miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa, zikafungwa injini za dizeli. Mei 2015 Liemba ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma mjini, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Kwa kuwa maji na kutu huharibu mitambo, anayenunua boti ya mtumba naye achunguze kwanza kutu na injini. Boti ipandishwe nchi kavu, sehemu inayokaa majini ikaguliwe, injini iwashwe ikiwa baridi, na oili itazamwe: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.