Sura ya Kiooni na Sura ya Pichani: Mazoea na Umbali

Kovu lililo kwenye shavu la kushoto huonekana upande wa kushoto katika kioo, ilhali pichani huonekana kulia. Kwa kuwa hakuna uso uliolingana kabisa pande zote mbili, mgeuzo huo humfanya mtu ajione mgeni. Mita, Dermer na Knight (1977), wakifuata hoja ya Zajonc (1968) kuwa kilichozoeleka hupendwa, walibaini kwamba wanawake walielekea kupendelea picha yao iliyogeuzwa kama kiooni, na marafiki zao ile isiyogeuzwa. Uso ulikuwa uleule.

Maelezo hayo, hata hivyo, hayatoshelezi picha za kujipiga kwa simu. Ward na wenzake (2018) walikokotoa kwamba kamera iliyo takribani sentimita 30 kutoka usoni huionyesha pua kuwa pana kwa asilimia 30 hivi zaidi ya ile iliyo mita 1.5. Lenzi hailaumiki: pua iko karibu na kamera kuliko masikio, na kadiri kamera inavyosogea, ndivyo tofauti hiyo inavyokua. Daktari anayeletewa picha ya aina hiyo na mgonjwa anayetaka kupasuliwa pua hana budi kuuliza kwanza ilipigwa kwa umbali gani.