Utangulizi: Pumzi ya Samaki Wapendao Baridi

Hii ni elimu ya kuwatunza nyumbani samaki wapendao baridi, yaani wale wanaostarehe maji yakiwa na nyuzi 18 hadi 22 hivi za Selsiasi. Tangi la kioo lililokaa juu ya kabati sebuleni ni dogo, lakini humo hukutana fizikia ya maji, kemia ya taka na baiolojia ya mwili wa samaki. Wengi wanaoanza huuliza kwanza habari za chakula na dawa. Mimi nawaomba waanze na pumzi, kwa sababu karibu kila tutakalojifunza linarejea hapo.

Mfano wetu mkuu ni samaki wa dhahabu, Carassius auratus, ambaye asili yake ni China. Wakati wa nasaba ya Song (960–1279) alifugwa kwenye mabwawa. Enzi za Ming (1368–1644) akaingizwa majumbani, na wafugaji wakawachagua wale wenye mikia miwili, macho yaliyotokeza na miili ya mviringo. Ulaya alifika katika karne ya 17. Mwaka 1850, mkemia Robert Warington wa London alieleza jinsi alivyowaweka samaki wawili wa aina hii katika chombo cha kioo pamoja na mimea ya majini. Majani yalipooza na kuchafua maji, aliongeza konokono, nao wakala uozo ule. Swali lake ndilo letu hadi leo: maji yaliyofungiwa yanaendeleaje kubeba uhai?

Jibu linaanza na joto. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, yakiwa na nyuzi 10, huweza kushika takriban miligramu 11 za oksijeni kutoka hewani. Yakifika nyuzi 20 hushika 9, na yakifika 30 hushika 7.5 tu. Mwili wa samaki nao hufuata joto la maji. Yakipanda, moyo huenda mbio, chakula husagwa upesi, na haja ya oksijeni huongezeka, aghalabu mara mbili kwa kila nyuzi 10. Basi samaki hubanwa pande zote mbili, haja ikipanda huku akiba ikishuka.

Mtazame siku ya joto jijini Dar es Salaam, saa tisa alasiri. Amepanda juu, kinywa kinagusa uso wa maji, na vifuniko vya matamvua vinafunguka na kufungika haraka haraka. Mwenye tangi hudhani ana njaa, akamtupia chakula. Kumbe samaki anatafuta maji ya juu kabisa, yanayogusana na hewa, kwa kuwa ndiyo yenye oksijeni zaidi. Chakula kile kinamzidishia mzigo, maana kukisaga kunahitaji oksijeni, na mabaki yake hugeuka amonia.

Amonia hiyo nayo huwa kali zaidi joto likipanda. Katika maji yenye pH 8, sehemu yake iliyo sumu haifiki asilimia 4 kwenye nyuzi 20, lakini hupita 7 kwenye nyuzi 30. Wanaoiondoa ni bakteria walioshika kwenye sifongo ya chujio, ambao huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Huchukua wiki kadhaa kustawi, hufa wakioshwa kwa maji ya bomba yenye klorini, na wenyewe pia huhitaji oksijeni.

Samaki wa dhahabu ni mvumilivu wa ajabu. Chini ya barafu, oksijeni ikiisha, huweza kuishi siku kadhaa kwa kugeuza taka za misuli yake kuwa alkoholi na kuitoa kupitia matamvua. Uvumilivu huo umewafanya wengi waamini kwamba bakuli dogo linamtosha. Lakini kuvumilia si kustarehe. Aliyestarehe huogelea katikati ya maji, hukunjua mapezi, huchakura changarawe na hupumua taratibu. Akitunzwa vyema, huweza kuishi zaidi ya miaka 20.

Nairobi au Arusha, hewa ya chumbani mara nyingi inatosha kuyaweka maji katika ubaridi unaofaa. Pwani kuna kazi: tangi kubwa, samaki wachache, pampu ya hewa, wavu badala ya mfuniko wa kioo, na feni inayopuliza juu ya maji. Feni hupoza kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa, kwa mvuke kuondoka na joto, ingawa unyevu wa hewa ya pwani huipunguzia nguvu. Usitupe mabonge ya barafu, maana joto likishuka ghafla humdhuru samaki. Asiyeweza kupoza maji na afuge samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa, ambao nyuzi 25 kwao ni kawaida. Kuchagua hivyo nako ni kuwatendea samaki haki.

Kwa hiyo, kabla ya kununua samaki, nunua kipimajoto. Jaza tangi maji, usiweke samaki, kisha pima alfajiri na alasiri kwa wiki nzima na uandike. Alasiri ikizidi nyuzi 24, tatua hilo kwanza. Hapo utakuwa umeshaingia katika elimu hii, kwa kuwa kazi yake ya kwanza ni kuyajua maji kabla ya kumtaka kiumbe ayapumue.