Baba Aliyerudi Japan, Mtoto Aliyebaki Katanga

Kutoka Makomeno, mtaa wa Lubumbashi, ukishika barabara ya kusini inayoelekea Zambia, hufiki kilomita mia moja kabla ya kuingia Kasumbalesa, mji wa mpakani. Wengi wanaijua kwa foleni za malori na zogo la forodha. Jirani yake uko mgodi wa shaba wa Musoshi, ambao kampuni ya Kijapani ya Nippon Mining iliujenga na kuanza kuuchimba mwaka 1972. Wajapani walikuja kwa mamia: mainjinia, mafundi, madaktari. Wengi walikuwa vijana, na mikataba iliwaweka mbali na kwao kwa muda mrefu. Baadhi yao wakaishi na mabinti wa Katanga kama mume na mke, wakapata watoto.

Kisha bei ya shaba ikaanguka. Vita vya Shaba (ndivyo Katanga ilivyoitwa wakati ule) vya 1977 na 1978 vikavuruga kazi na usafirishaji, na mwaka 1983 Japan ikajitoa. Akina baba wakapanda ndege. Akina mama na watoto wakabaki.

Watoto hao sasa ni watu wazima wa miaka arobaini na hamsini, na baadhi yao wanaishi Lubumbashi. Wapo wanaoitwa hadi leo kwa majina ya Kijapani waliyopewa na baba zao. Mwaka 2010 televisheni ya France 24 ilirusha madai mazito kwamba wenzao wengine waliuawa hospitalini wakiwa wachanga. Mwandishi Mjapani Hideyuki Miura wa gazeti la Asahi Shimbun, aliyekuja Katanga kuyachunguza na kutoa kitabu mwaka 2022, hakupata ushahidi wa mauaji hayo. Alichokuta ni watu hai, wengi wao maskini, wenye ombi moja: kujua baba yuko wapi.

Sayansi ya afya ina la kusema juu ya ombi hilo, kwa kuwa maisha ya utotoni huacha alama mwilini.

Ugunduzi huo ulianzia San Diego, Marekani, katika kliniki ya watu wanene. Daktari Vincent Felitti alishangaa kuona wagonjwa waliokuwa wanapungua vizuri ndio wanaoacha matibabu. Alipowauliza kwa utulivu, akasikia hadithi za kubakwa na kupigwa utotoni. Yeye na mwenzake Robert Anda wakaanza kuwauliza maelfu ya watu kama nyumbani kwao kulikuwa na kipigo, matusi, mlevi au mtu aliyewahi kufungwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Aliyepitia masaibu manne au zaidi alikuwa na hatari kubwa mara 4 hadi 12 ya kuwa mlevi, kutumia dawa za kulevya, kupata sonona au kujaribu kujiua, akilinganishwa na asiyepitia hata moja. Magonjwa ya moyo na ya mapafu nayo yaliongezeka kadiri masaibu yalivyoongezeka.

Inakuwaje kipigo alichopata mtoto wa miaka sita kiwe ugonjwa wa moyo akiwa na miaka hamsini? Mtoto akiogopa, ubongo huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini na kotisoli. Moyo unakimbia, sukari inapanda kwenye damu, misuli inajiandaa. Hofu ikipita na mama akamkumbatia, mwili unatulia, na mtoto hadhuriki. Lakini hofu isipokwisha, wala asitokee wa kumtuliza, mfumo ule unabaki umewashwa, kama jenereta linalounguruma usiku kucha hata baada ya umeme wa shirika la SNEL kurudi. Miaka ikipita, mishipa ya damu inachoka, kinga ya mwili inavurugika, na sehemu za ubongo zinazoshughulikia kumbukumbu na kujizuia hukua kwa shida.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa hesabu za watu zaidi ya 214,000 kutoka majimbo 23 waliojibu maswali kama yale ya Felitti na Anda. Wazungu walikuwa na wastani wa masaibu 1.52 kwa kila mtu. Weusi walipata 1.69, wenye asili ya Amerika ya Kilatini 1.80. Watu wenye mchanganyiko wa rangi waliwazidi wote, wakiwa na 2.52.

Ukiisoma namba hiyo haraka utadhani damu mbili zikikutana zinaleta balaa. Utafiti huo haukusema hivyo. Wenye kipato kidogo, wasio na kazi na walioishia njiani shuleni nao walikuwa na masaibu mengi kuliko wenzao, na hakuna aliyerithi umaskini kwenye damu. Kinachoumiza ni mambo yanayomzunguka mtoto: ugumu wa maisha, ubaguzi, ukoo unaomkataa upande mmoja na kumtilia shaka upande wa pili. Kongo inalijua hilo kuliko nchi nyingi, maana hapa masaibu ya watoto metisi, wa damu ya Kizungu na ya Kiafrika, yalipangwa katika ofisi za wakoloni.

Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, ilianzishwa mwaka 1910, na baadaye wakoloni wakaacha ukanda mtupu wa ardhi kutenganisha mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, yaliyo Kamalondo ya leo. Mtoto mwenye baba Mbelgiji na mama Mwafrika alikuwa ushahidi kwamba ukanda ule ulikuwa ukivukwa kila usiku. Serikali ya kikoloni ilimwona kuwa tishio, na jibu lake likawa kumtenga na mama yake. Katika Kongo, Rwanda na Burundi, watoto wa aina hiyo wanakadiriwa kuwa kati ya 14,000 na 20,000. Wengi walichukuliwa vijijini na kupelekwa misheni, kama Save kule Rwanda na Katende kule Kasai. Kwenye vyeti vyao iliandikwa kwamba baba hajulikani, hata pale alipojulikana na kijiji kizima.

Wanawake watano waliolelewa Katende waliishtaki Ubelgiji: Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi. Walichukuliwa kati ya 1948 na 1953, wote wakiwa hawajafika miaka saba. Uhuru ulipoleta machafuko, watawa waliondoka na watoto wakaachwa mikononi mwa wanamgambo, waliowatenda unyama. Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni Aprili 2019, lakini mahakama ya kwanza ikawakatalia kinamama hao. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikaamua kwamba kuwateka watoto hao kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50,000. Nusu karne na zaidi ilikuwa imepita, na maumivu yalikuwa bado hayajapoa.

Kwa nini malezi ya taasisi yanaumiza hivyo, hata chakula kikiwepo? Jibu zuri limetoka Bucharest, Romania. Kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye nyumba za yatima za serikali. Kwa kura, nusu walipelekwa kwa familia za kuwalea. Waliobaki kwenye taasisi walichelewa kiakili, na hata mawimbi ya umeme ya ubongo wao yalikuwa dhaifu. Waliohamishwa walipata nafuu, hasa waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili. Umri una maana kubwa hapa: Léa Tavares Mujinga alikuwa na miaka miwili alipotolewa kwao.

Lakini masaibu si hukumu ya kifo, na hili linapaswa kusemwa kwa sauti kubwa kuliko yote. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, ambako wenyeji, Wajapani, Wafilipino na Wareno wameoana kwa vizazi, mwanasaikolojia Emmy Werner aliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Kati ya waliokulia kwenye shida nzito, theluthi moja walikua watu wazima imara, wenye kazi na familia. Wengi wao walikuwa na mtu mzima mmoja aliyewashika tangu wadogo bila kuwaachia: bibi, shangazi, dada mkubwa, mwalimu. Lubumbashi ina watu wa namna hiyo katika kila mtaa, na hakuna anayewalipa. Mama mdogo anayempokea mtoto wa dada yake na kumsomesha pamoja na wanawe anafanya kazi ya tiba, na anastahili msaada wa ada na chakula.

Zipo pia dawa ndogo zinazowezekana zahanatini na shuleni. Muuguzi anaweza kumuuliza mgonjwa wa presha au anayekosa usingizi jinsi alivyokua, amsikilize bila kumharakisha. Mwalimu anaweza kukomesha utani wa rangi na nywele siku ile ile unapoanza. Na mtoto akiuliza habari za baba, aambiwe ukweli unaolingana na umri wake, kwa kuwa akinyimwa atajijazia mwenyewe, na mara nyingi hujilaumu kwamba yeye ndiye aliyemfukuza.

Majimbo ya Haut-Katanga na Lualaba, sehemu za Katanga ya zamani, sasa yana kampuni za Kichina kila kona, na wanaume waliokuja peke yao kwa mikataba ya miaka michache. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa kila mtoto haki ya jina na, kadiri inavyowezekana, haki ya kuwajua wazazi wake. Kwa hiyo, mama uliyejifungua Makomeno au kwingineko, una siku 90 za kumwandikisha mtoto kwenye komini. Nenda mapema, na baba akiwa bado yupo, nenda naye. Tunza picha, namba ya simu, jina la kampuni na nakala ya pasipoti yake mahali pasipofika maji wala moto, na umpe mtoto siku atakapokuomba.